Siku Sita za Kampuni na Jumapili ya Mama Mkwe

Nyinyi vijana mnaonunua lori la kwanza mna tabia moja. Mkishamaliza kuliosha mnakuja hapa Rongo kwenye kibanda changu cha vipuri, mnaegemea mlango na kuuliza, "Mzee, gari niweke kampuni ama nitafute mizigo mwenyewe?" Mnataka jibu la neno moja kwa sababu injini mmeiacha ikinguruma huko nje. Zimeni injini kwanza, dizeli si maji ya mto. Jibu langu lina urefu wa vikombe viwili vya chai, na ndani yake yumo mama mkwe wangu.

Mimi niliendesha lori langu mwenyewe miaka mingi kabla sijaliweka kampuni. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, lori la tani saba, la samawati, na juu ya kioo cha mbele nilikuwa nimeandikisha "Nyar Rongo", yaani binti wa Rongo. Nilibeba omena, yaani dagaa wa ziwani, kutoka Mbita, ile inayovuliwa huko Remba na visiwa vya jirani, nikaipeleka popote ilipotakiwa. Uzuri wa kujitafutia mizigo ni kwamba hakuna mtu wa kukufokea. Ubaya wake ni kwamba hakuna wa kukuonea huruma pia. Lori likizama kwenye ule udongo mweusi wa njia ya Mbita, unazama na mali ya watu, na mwenye omena anakuja kukaa kwenye jiwe akikutazama unavyochimba.

Halafu kuna ndugu. Hapa kwetu mtu akiwa na lori, ukoo mzima una lori. Harusi ni wewe, mazishi ni wewe, matofali ya shemeji ni wewe, kwaya ikienda mkutano wa kanisa Homa Bay ni wewe. Hawakuombi, wanakujulisha. Unarudi nyumbani umechoka unakuta mtu amekaa sebuleni na mbuzi wawili, anakuambia kesho mtaondoka mapema.

Kwa hiyo kampuni moja ya Migori ilipotangaza kwamba inatafuta malori ya watu binafsi ya kufanya kazi chini yake, nilienda mbio. Kampuni ingenipa mizigo, tumbaku ya wakulima wa Kuria, saruji na mahindi. Ingelipia leseni ya barabara na bima. Mimi ningebaki dereva wa lori langu. Wao wangelipaka rangi yao ya kijani na kuandika jina lao mlangoni. Meneja aliitwa Bwana Chacha, mtu mfupi, mpole, mwenye pua ambayo sijawahi kuona mfano wake.

Pua hiyo ndiyo iliyonikataa mara ya kwanza. Alizunguka lori mara moja tu, akasimama nyuma, akavuta hewa. "Hii imebeba omena," akasema.

"Zamani kidogo, Bwana Meneja."

"Zamani ni lini, jana? Mkulima hawezi kukubali tumbaku yake ipande hapa. Enda uoshe, urudi."

Nilikwenda kwa Mzee Ogwang', dereva aliyenifundisha kazi. Ndiye aliyenifundisha kugonga kila nati ya gurudumu kwa nyundo asubuhi na kusikiliza, kwa maana nati iliyolegea hulia tofauti na iliyokaza. Ndiye pia aliyenizuia kufunga turubai nikiwa na hasira, kwa sababu mtu mwenye hasira hufunga fundo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulifungua. Ogwang' aliniambia nichukue majivu, ndimu na sabuni ya mche, nisugue bodi mara tatu, kisha nilianike jua kali siku nzima.

Nilifanya hivyo ufuoni Homa Bay. Nilisugua mpaka viganja vikachubuka. Mchana nilishusha mbao za pembeni ili jua liingie, bodi ikawa safi, pana, kavu, imenyooka. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikakuta akina mama wa ufuoni wameanika omena juu yake yote, kuanzia kebini hadi mwisho, imepangwa vizuri. Mmoja alinipungia mkono. "Asante, dereva," akasema, "tulikuwa tunatafuta mahali hakuna mchanga."

Nilisugua upya. Safari hii nililianika Rongo, mbali na ziwa, na nikalilinda kama mtu anayelinda mtama dhidi ya ndege. Chacha alivuta hewa, akafikiri, akavuta tena, akanipa karatasi ya kutia sahihi.

Sasa sikilizeni habari za hiyo karatasi, kwa sababu wengi wenu mnatia sahihi mkiwa mnatazama kalamu. Niliisoma yote, mstari kwa mstari. Ilisema lori ni la kampuni Jumatatu hadi Jumamosi, lilale kwenye yadi yao Migori, na lisibebe abiria juu ya mzigo. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, ilisema Jumapili mwenye lori ana ruhusa ya kulitumia kwa shughuli zake, mradi ajaze dizeli mwenyewe.

Niliuona mstari huo. Nikaukunja pamoja na karatasi, nikauweka mfukoni, na sikumwambia mtu yeyote duniani. Hata Akoth, mke wangu, sikumwambia.

Msinitazame hivyo. Nilikuwa nimechoka. Mjue raha niliyoipata mwaka ule. Binamu alipokuja kuhusu matofali, nilikunja uso kwa masikitiko, nikasema, "Ningekusaidia, lakini gari ni ya kampuni." Mwalimu wa kwaya alipokuja, "Mwalimu, gari ni ya kampuni." Hata Jumapili? "Hata Jumapili, hao watu ni wagumu." Rangi ya kijani ilinisaidia sana, kwa kuwa kila mtu aliona kwamba Nyar Rongo amefutwa juu ya kioo, na wengine walinipa pole kama nimefiwa. Jumamosi jioni niliacha lori yadini, nikapanda matatu hadi nyumbani, na Jumapili nikalala mpaka mbavu zikauma. Mchana nilisikiliza mpira redioni. Kama mnaandika faida za kampuni, andikeni hiyo ya kwanza kabisa, mbele ya bima.

Hasara nazo zilikuwepo. Kampuni haikuulizi kama unapenda njia, inakwambia njia. Niliwahi kukaa foleni ya kupakia tumbaku siku mbili nikimtazama karani akipima magunia polepole, huku rafiki zangu waliobaki huru wakipita na kupiga honi kwa makusudi. Lori likiharibika, kampuni inauliza umelifanya nini, lakini likifika salama inasema kampuni yetu imefika. Unazoea. Ila mtu asiyependa kuamrishwa atapata vidonda vya tumbo.

Basi, mwaka ule upepo mkali ulipita Oyugis ukang'oa paa la nyumba ya mama mkwe wangu. Mama mkwe kwa Kijaluo tunamwita maro, na ni lazima niwaeleze nyinyi mliokulia mjini, kwa sababu siku hizi nawaona mnakula sahani moja na mama wakwe zenu. Sisi tulimheshimu kwa kukaa mbali. Humwiti kwa jina lake. Huketi naye kiti kimoja, huli mbele yake, huingii chumba chake. Mkikutana njiani, mmoja anapisha kando. Na ukiwa na uwezo, nyumba yake ni kazi yako kabla hata hajakuomba.

Mama huyu alikuwa mjane, muuza karanga, mwanamke wa maneno machache. Alikuwa ameweka akiba kwenye kikundi chake cha akina mama, wakamnunulia mabati na mbao kwenye duka moja Homa Bay. Kilichobaki ni kuvifikisha Oyugis kabla mvua za masika hazijaanza. Akoth aliniambia Jumapili nikiwa nimelala kwenye kochi. "Mama anaomba lori siku moja tu. Jumapili ikiwezekana."

Nilikuwa nimeshazoea kusema lile neno, likatoka lenyewe. "Akoth, gari ni ya kampuni."

"Hata kwa mama yangu?"

"Kampuni haijui mama ya mtu."

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba aliniamini papo hapo, akachukua kiti na kuanza kufikiria ni nani mwingine anayeweza kumwomba. Ningeweza kusema ukweli dakika ile. Nilifikiri juu ya wale wote niliowakatalia, kwamba nikipeleka mabati ya Oyugis, binamu ataona, mwalimu wa kwaya ataona, na usingizi wangu utakwisha. Nikaongeza sauti ya redio. Mvua zilianza wiki hiyo hiyo.

Jumatatu moja, wiki tatu baadaye, nilifika yadini Migori nikamkuta Bwana Chacha anatabasamu. "Mama mkwe wako alikuwa hapa Ijumaa," akasema. "Ameniletea kuku. Jogoo mzuri sana."

Nilishika bodi ya lori. "Alitaka nini?"

"Alikuja kuomba gari kwa adabu, kwa vile wewe umemwambia ni ya kampuni. Alisema hataki kukuharibia kazi, ndiyo maana amekuja mwenyewe. Aliniuliza, 'Bwana, siku gani gari ya mkwe wangu inapumzika?' Nikamwambia, mama, Jumapili ni yake mwenyewe, iko kwa karatasi. Nikamuonyesha."

"Akasema nini?"

"Aliniomba nimsomee huo mstari mara mbili, akashukuru, akaenda."

Ningefurahi kama angefoka. Wiki nzima nilibeba saruji nikiwa nahesabu siku. Jumamosi niliomba ruhusa nikaja na lori hadi nyumbani Rongo, nikaingia nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akoth aliniwekea ugali na mboga, akasubiri nimalize kunawa.

"Mama anakusalimia," akasema. "Kesho saa nne asubuhi atakuwa dukani Homa Bay."

"Akoth."

"Kula kwanza." Nilikula tonge mbili. Akaendelea, sauti yake ikiwa chini. "Karibu mwezi mzima mama amelala jikoni na kuku. Wewe ulikuwa umelala hapo kwa kochi. Ulijua huo mstari?"

"Nilijua."

Aliitikia kwa kichwa tu, akaenda kulala na watoto. Nimeendesha lori lisilo na breki kwenye mteremko, vijana, na nawaambia sikuogopa hivyo. Niliona mke anaweza kukaa na mtu maishani na asimwamini tena, akampikia, akamfulia, akamjibu vizuri, basi.

Saa nne nilikuwa dukani. Mama mkwe alikuwa amesimama na wanawake watano wa kikundi chake, mabati yamefungwa, mbao zimepangwa, na pembeni kiti cha mbao kipya alichokuwa amekinunua sokoni. Alijifunika kichwa kwa leso, akageuka upande kama inavyotakiwa. Tulikuwa tumeachana hatua nne tu, lakini tulizungumza kwa kupitia mwanamke mmoja wa kikundi, jina lake Min Ouma, yaani mama yake Ouma, ambaye alifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

"Mwambie mkwe namshukuru kwa kuja," mama mkwe akasema.

"Mama anashukuru umekuja," akasema Min Ouma, kana kwamba sina masikio.

"Mwambie mama apande mbele, abiria hawaruhusiwi juu ya mzigo."

"Mwambie mkwe siwezi kukaa kiti kimoja na yeye."

Hapo tukakwama. Kebini ilikuwa na kiti kimoja kirefu. Kampuni ilisema juu ya mzigo hapana, mila ilisema kando ya mkwe hapana, na matatu ya kwenda Oyugis ilikuwa imeshaondoka. Nilipendekeza wanawake watano wabanane katikati yetu. Wote watano wakakataa, wakasema wanataka kuona ziwa. Mwisho mama mkwe alimaliza mjadala kwa njia yake. Alipanda nyuma akiwa ameshikwa mikono, akaweka kile kiti juu ya mabati, akakaa akitazama tulikotoka ili asilazimike kuona kisogo changu. Wenzake wakamzunguka wakishikilia mbao, wakaanza kuimba. Nilifunga kamba maradufu na kuendesha taratibu kuliko maisha yangu yote, kebini tupu, nikisikia nyimbo za kanisa juu ya kichwa changu.

Kabla ya Kendu Bay polisi walitusimamisha. Alikuwa askari kijana kutoka mbali, Kiswahili chake kimenyooka. Alichungulia ndani ya kebini, akatazama juu, akachungulia tena.

"Dereva, mbele pako wazi. Mbona umempandisha bibi mzee huyu juu ya mabati?"

"Afande, yule ni mama mkwe wangu."

"Ndiyo nashangaa. Mama mkwe ndiye wa kukaa mbele."

Nilianza kumweleza mila zetu. Mama mkwe akasaidia kutoka juu. "Afande, wewe umeoa?"

"Bado, mama."

"Basi tuache twende. Ukioa utakuja Oyugis, tutakueleza."

Askari alicheka mpaka akavua kofia. Alinionya kuhusu mwendo, akasema akinikuta tena na abiria juu ya mzigo atanifunga mimi na kampuni yangu, kisha akafungua njia.

Oyugis mafundi walikuwa wanangoja na mawingu yalikuwa meusi. Mimi kama mkwe siwezi kupanda paa la mama mkwe, wala kuingia ndani, kwa hiyo nilibaki kwenye lori nikishusha mabati. Ndipo nilipoona godoro limeanikwa kwenye ua, limejaa alama za maji, na mwavuli umefungwa kwa kamba juu ya mlango wa jikoni, mahali moshi unapotokea. Niliona haya. Sikuwa na mtu wa kumlaumu, si kampuni, si ndugu. Nilitaka kuomba radhi, lakini mkwe haombi radhi kwa mama mkwe uso kwa uso, na mambo kama hayo huwezi kumpa Min Ouma ayapeleke.

Nilishusha mabati yote peke yangu, nikawakataza mafundi kunisaidia. Ilipofika saa tisa nusu ya paa ilikuwa imekaa, na chakula kikaletwa. Mkwe akifika, ni desturi achinjiwe kuku. Mafundi walipewa nyama. Wanawake walipewa nyama. Min Ouma aliniletea mimi chini ya mti wa mlimao sahani ya ugali na sukumawiki, akaiweka mbele yangu kwa heshima zote.

"Mama anasema usamehe," akasema, akijitahidi kutocheka. "Kuku ya mkwe ilienda Migori kwa meneja."

Nilikula yote, sikubakiza hata jani. Nilipomaliza alirudi na ujumbe wa pili. Mama mkwe alikuwa amepitia Rongo siku zilizotangulia, akaongea na watu. Jumapili ijayo ni matofali ya binamu. Ile inayofuata ni kwaya. Halafu mbao za kanisa la Rongo, halafu mahindi ya shangazi. Alikuwa amewapanga wote niliowakatalia, kwa zamu, hadi mwezi wa nane. Dizeli kila mmoja atatia yake, hilo pia alikuwa amelipanga.

Nilizifanya Jumapili zote hizo. Msidhani nilizipenda. Kwaya iliniimbia mpaka Homa Bay na kurudi. Lakini Jumapili ya tatu Akoth alikuja na chupa ya chai, akapanda kebini, akakaa kando yangu bila kuambiwa. Aliponipa kikombe alikishika mpaka akahakikisha nimekishika mimi, na nikajua kwamba nimeanza kusamehewa.

Sasa swali lenu. Kampuni ina mizigo ya uhakika, ina bima, inalala macho kwa niaba yako. Uhuru una udongo mweusi wa Mbita na mtu amekaa kwenye jiwe. Kama una watoto shuleni na moyo mwepesi wa wasiwasi, nenda kampuni. Kama huwezi kusikia neno "foleni" bila kutetemeka, baki peke yako. Soma karatasi mpaka chini, na huo mstari wa chini mwonyeshe mke au mume wako jioni hiyo hiyo. Mimi nililipia ushauri huo, nyinyi mnaupata kwa bei ya chai.

Mwisho wa mwaka ule Bwana Chacha aliniita ofisini kutia sahihi upya. Karatasi ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Malipo yamepanda, magurudumu mapya juu ya kampuni, foleni ya tumbaku nitapewa nafasi ya mbele. Ila siku zimekuwa saba. Ule mstari mdogo wa Jumapili haukuwepo tena.

Niliirudisha mezani. "Jumapili siwezi," nikasema.

"Mwanzoni ulikuwa hata huitumii. Kwa nini unakataa magurudumu mapya?"

Nilifikiria kusema kanisa. Nilifikiria kusema mgongo, au injini inahitaji kupumzika. Nilikuwa na uongo wa kutosha tayari mdomoni, wa aina zote. Nikamwambia ukweli.

"Bwana Meneja, namwogopa mama mkwe."

Chacha hakucheka. Alikuwa ameshakutana naye. Alichukua kalamu, akaandika Jumapili kwa mkono wake mwenyewe chini ya karatasi, na safari hii aliiandika kwa herufi kubwa.